Hadithi ya Mama Bila Mvua

Hadi leo nikinusa nywele za bandia zinapochovywa kwenye maji ya moto, mwili wangu hurudi ghorofa ya tisa bila kuniomba ruhusa. Wasusi wanaijua harufu hiyo. Rasta zikishamalizwa kusukwa, ncha zake huchovywa kwenye maji yaliyochemka ili zisifumuke, na hapo hutoka mvuke wenye harufu ya plastiki, sabuni na kitu kama mahindi yaliyoungua. Kwenye saluni yenye mlango wazi mvuke huo hupita ukaenda zake. Kwetu haukuwa na pa kwenda. Tuliishi katikati ya mji wa Durban, katika fleti moja iliyogawanywa kwa mapazia ili zitoshee familia tatu, na sehemu yetu ilikuwa ile ya dirishani, dirisha lenyewe likiwa na nondo nene ambazo mama alianikia taulo za wateja. Harufu iliingia kwenye sare yangu ya shule, ikaingia kwenye mkate na kwenye maharage. Wenzangu darasani waliniuliza kama nyumbani kwetu tunapika wanasesere.

Zamani mama alisukia chini, kwenye saluni ya mdogo wake, tantine Bea, karibu na soko la Warwick, mahali ambapo tangu alfajiri makonda wa taxi wanaita abiria, mama wauza mahindi wanafukuza nzi, na wauza mizizi wanakuuliza ugonjwa wako kabla hujawaambia hujambo. Mwaka ule aliacha kushuka. Ofisi ya wakimbizi ilikuwa imekataa maelezo yake, akakata rufaa, na sasa alikuwa akisubiri kusikilizwa upya, huku karatasi aliyokuwa nayo mkononi ikiwa imekwisha muda. Kila asubuhi tantine Bea alipiga simu kabla ya kufungua saluni. "Dada, usishuke leo. Polisi iko pale ku robot, banaangalia papier ya kila mutu." Robot ndilo jina la Durban la taa za barabarani, nami nilipokuwa mdogo nilidhani kweli kuna mashine pale inayowatambua wageni kwa kuwatazama usoni. Hilo "leo" la tantine lilijirudia mpaka likawa msimu mzima, kutoka baridi ya Julai hadi joto lile la Desemba linalobandika shuka mgongoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, ila hawakusema kamba yenyewe inaweza kuwa ghorofa tisa za ngazi na lifti iliyokufa. Wateja walipanda wakihema, mama akawasuka. Wakishuka, yeye alibaki dirishani akitazama mapaa ya soko ambalo alijua bei ya kila kitu chake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sare ya shule ilinitosha kuwa kibali, kwa hiyo nilikwenda na kurudi. Lakini nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Jina langu liliandikwa chini ya jina lake. Akikataliwa mara ya pili tungeambiwa tuondoke wote wawili, turudi kule juu ya Uvira, kwenye milima inayotazama ziwa, ambako baba aliuawa nikiwa mtoto wa mgongoni. Mama hakunificha hilo. Alinifundisha kufunga begi dogo na kuliweka nyuma ya mlango, kisha akaniambia niende nikafanye kazi za shule.

Ajabu ni kwamba huyu mwanamke ambaye maelezo yake hayakuaminiwa ndiye aliyekuwa msimuliaji bora kuliko wote niliowahi kuwasikia. Jumamosi jioni watu wa nyuma ya mapazia yote walikuja kwetu na vikombe vyao vya chai. Mama alianzia popote. Alianzia mwisho, akarudi katikati, akaimba kipande, akakuacha unaning'inia huku akienda kuongeza makaa ambayo hayakuwepo, kwa kuwa tulipikia jiko la umeme. Alikuwa na sheria moja: hadithi hairudiwi vile vile mara mbili, kwa sababu chakula cha jana hupashwa moto, hakipakuliwi baridi. Na ilikuwapo sheria nyingine isiyokuwa yake, ya kwao milimani. Kule habari ya kifo haisemwi kavu. Anayeileta huketi kwanza, hunywa maji, huulizia mbuzi, husimulia ndoto aliyoota njiani, hata msikilizaji ajue mwenyewe na aanze kulia kabla neno halijatajwa. Kumtajia mtu kifo usoni ni kumpiga. Hivyo ndivyo nilivyokijua kifo cha baba tangu utotoni. Ilikuwepo mvua. Mvua ilikuja mpaka kwenye mlima, ikatuona, ikaona haya, ikarudi ilikotoka. Alikuwepo kuku jike aliyewika kama jogoo. Walikuwepo watu elfu wenye bunduki, na msitu uliotulea mwaka mzima. Baba mwenyewe hakuonekana kufa popote. Mvua ilirudi, halafu tukawa wawili.

Basi mama alipoitwa ofisini mara ya kwanza, alifanya kosa ambalo mtu wa kwao tu angelifanya: alimheshimu ofisa. Alimsimulia kama mtu mzima anavyosimuliwa msiba. Aliulizia kwanza watoto wa huyo ofisa. Akaanza na kuku. Mbele ya ofisa wa pili, miezi kadhaa baadaye, akaisimulia upya, safari hii akianzia msituni, kwa sababu kumrudishia mtu mkubwa hadithi ile ile ingekuwa dharau. Majibu yalipokuja, tantine Bea aliketi kitandani kwetu akatusomea sababu, akizitoa kwenye Kiingereza polepole. Mara amesema mwaka mzima porini, mara miezi miwili. Mara watu elfu, mara watu watatu. Hasemi mambo kwa mfuatano. Aliulizwa kama siku ile mvua ilinyesha au haikunyesha, akajibu kwamba iliona haya. Inaonekana mambo haya yametungwa.

"Lakini ile yote ilitokea," mama alisema. "Sikudanganya hata kidogo, Bea. Nilimuambia vizuri, na matunzo yote."

"Dada, bale batu habataki matunzo. Banataka tarehe."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, na mama aliyetembea njia ndefu kutoka Uvira mpaka bahari hii alikuwa ameitwa mwongo. Nilimwona akizikunja zile taulo, akazikunjua, akazikunja tena.

Sasa nieleze jambo la darasani, maana bila hilo nisingemsaidia kwa lolote. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama wa Kihindi mwenye sauti ya upole na chaki isiyotoka vidoleni, ambaye tulimwita Ma'am kama walimu wote wa kike wa Durban wanavyoitwa. Mwaka ule alikuwa akitufundisha hadithi hutengenezwa na nini. Alibandika ukutani karatasi yenye maneno, akatutaka tuyatafute kwenye kila tulichosoma. Majina yake ya Kiswahili niliyajua ukubwani, na ndiyo nitakayoyatumia hapa. Kukuza jambo kupita kiasi ili uzito wake usikike, hiyo ni chuku. Kuanza na leo ukarudi jana ni mbinu rejeshi. Kukipa kisicho mtu moyo wa mtu ni tashihisi. Kutupa mapema alama ndogo ya balaa linalokuja ni kudokeza, na kumchelewesha msomaji makusudi, roho mkononi, ndiyo taharuki. Wenzangu waliyakariri maneno hayo kama majina ya mito ya nchi wasiyoijua. Mimi niliyasikia nikacheka peke yangu, kwa kuwa yote yalikuwa yakiishi kwetu nyuma ya pazia. Ma'am alipotutaka tuandike aya moja kuhusu mvua, niliandika ile mvua iliyoona haya. Alinipa alama za juu kuliko wote. Aliisoma mbele ya darasa, akasema hii ndiyo sanaa.

Lilikuwepo neno moja pale ukutani ambalo sikuwa nimelielewa, kinaya, yaani jambo linapotokea kinyume kabisa cha lilivyotarajiwa. Ma'am alitoa mfano wa kituo cha zimamoto kinachoungua, nasi tukaitikia tu. Jioni ile tantine Bea alipofika kwenye sentensi ya mvua, nililielewa neno hilo. Mvua moja ilikuwa imenipa mimi sifa, na mama imemnyima karatasi. Niliona hasira, tena hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani. Ofisa hakuwa mkatili. Alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango wake na kazi ya kupima ukweli, na hakuna aliyemfundisha kwamba kuna watu wanaoupamba ukweli wanapoutoa nje, jinsi unavyomvalisha mtoto nguo njema unapompeleka kwa wageni.

Nikamwambia mama kwamba mimi najua walichokikataa. Hawajaikataa hadithi, nilisema, wamekataa vitu vilivyomo, na vitu hivyo vina majina, na chenye jina kinaweza kutolewa. Alinitazama kama mtu anayemtazama kifaranga aliyesimama kumfundisha kunguru kuruka. Lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo. Tukaanza wiki ile ile, mchana nikitoka shuleni, yeye amesimama nyuma ya kichwa cha mteja, mimi nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nikijifanya ofisa. Wateja walikuwa wakituangalia kwenye kioo. Mmoja wao, Mzulu asiyejua Kiswahili, aliuliza kama mtoto anamgombeza mama, na mama akamjibu kwamba hapana, ni homework.

Chuku ndiyo iliyotoka kwanza, na haikutoka kwa hiari. Niliuliza walikuwa watu wangapi. Akasema elfu. Nikasema mama. Akasema, "Neema, unapokuwa chini ya meza, watatu ni elfu." Nikasema ofisa hayuko chini ya meza. Alisuka msuko mzima, kisha akasema watatu. Kwa ule mwaka wa msituni ilibidi tuhesabu kwa maharage: siku mama alipokimbia yalikuwa yametoka tu kuota, na alipofika kambi ya wakimbizi watu walikuwa wakivuna. Nikamwambia, kama huna hakika, sema "karibu". Karibu miezi miwili. Alilipenda neno hilo, akasema angalau hilo lina adabu. Kuku akafuata, kwa sababu ofisa angeuliza kwa nini mtu aliyeonywa na kuku hakuondoka mapema. Mama aliniuliza kama darasani kuku huyo wangemtoa pia, nikamjibu kwamba darasani angepata alama. "Eish," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitumia neno la mji huu. Mvua aliigombania wiki nzima. Alitaka walau irudi nyuma, basi, isione haya. Nikakataa hata hilo. Nilikuwa mkali kuliko ofisa yeyote, kwa kuwa begi lilikuwa pale nyuma ya mlango na nililiona kila nilipoinua macho.

Ilibaki kupanga mambo kwa mfuatano, kwanza mpaka mwisho. Siku hiyo hakukuwa na mteja. Joto lilikuwa limeshuka juu ya mji, chini ya dirisha taxi zilipiga honi bila kupumzika, na birika lilikuwa limechemka kwa mazoea tu. Nikamwambia aanze, na asirudi nyuma hata mara moja. Akasimama na mikono yake haina kichwa cha kushika. Akasema: Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne, saa mbili asubuhi. Watu watatu walikuja nyumbani. Walimwita mume wangu kwa jina lake. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akatoka. Walimpiga risasi mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni, chini ya meza, na mtoto mgongoni. Mtoto alianza kulia. Nilimvuta mbele nikamziba mdomo kwa kiganja. Nilimziba mpaka walipoondoka. Nilifikiri nimemuua na yeye.

Kwa miaka yote sikuwa nimejua kwamba yule mtoto alikuwemo ndani ya hadithi. Nilijua mvua, nilijua kuku, na kumbe mimi nilikuwa pale chini ya meza, nimezibwa pumzi, hatua chache kutoka kwa baba. Wala sikujua kwamba alikuwa na kikombe cha chai. Nilitamani kumwambia mama airudishe mvua, airudishe upesi. Sasa nikaona vile vitu vilikuwa vikifanya kazi gani. Ma'am alisema hutumika kuinogesha hadithi, na ni kweli, lakini mama alivitumia kama kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, na mimi nilikuwa nimekitoa kitambaa nikamwambia ashike. Aliketi kitandani, akanivuta nikae ubavuni pake, akaweka kiganja chake mdomoni mwangu, taratibu, kana kwamba anataka kuhakikisha kuwa napumua. "Sasa nimemuona baba yako," alisema. "Kila siku nilikuwa naona mvua." Tulilia wote wawili, na watu wa nyuma ya mapazia walizima redio zao.

Tuliendelea, kwa kuwa hakukuwa na jingine la kufanya. Aliisema tena na tena, kavu, vile vile, akivunja sheria zote mbili kila mchana, hadi maneno yakawa laini kama kokoto za mtoni. Siku ya kusikilizwa tantine Bea alifunga saluni akatusindikiza. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini nikiitazama saa ya ukutani, na nakiri kwamba pale nje, chini kwa chini, nilikuwa nikiisema na mimi hadithi yote, Jumanne, saa mbili, watu watatu, kama mtu anayemsindikiza mwenzake kwa sala. Mama alitoka akiwa na uso usio na kitu. Tantine alimuuliza imekuwaje. "Nimesema kama karatasi," akajibu, "na mukalimani hakuniuliza kurudilia hata neno moja."

Jibu lilichukua muda wake, nao wakati huo nilikaa darasani nisisikie kitu. Lilipokuja lilikuwa la kukubaliwa. Tantine Bea alipanda ngazi zote akipiga kelele kila ghorofa, akafika juu hana sauti ya kutuambia, akabaki kuonyesha kwa mikono. Kesho yake mama alishuka. Alivaa kitenge kipya, akataka kwenda Warwick kununua sombe, kisamvu cha kwao, kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika kwenye robot ya kwanza alisimama. Ikawaka kijani, watu wakavuka, ikarudi nyekundu, ikawaka kijani tena. Nilimshika mkono, tukavuka.

Leo naishi Isipingo, kusini mwa mji, kwenye nyumba ya chini, mlango mmoja tu na barabara hiyo hapo, hakuna ngazi ya kumzuia mtu. Nafundisha fasihi. Nina karatasi yangu ukutani yenye maneno yale yale, na wanafunzi wangu wanapoyakariri bila kuyaelewa siwalaumu, maana mimi nilihitaji msimu mzima wa kufungiwa ili nilielewe moja. Mama anaishi nami. Anatoka anapotaka na kurudi anapotaka, anajuana na wauza nyanya wote wa stendi ya taxi, na askari akimsimamisha humpa kitambulisho kabla hajaombwa, huku akimsalimia kwa Kizulu. Ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya wakati ule na huu, sitafikiri mara mbili. Lakini Jumamosi moja, si zamani, umeme ulikatika na wanangu wawili wakamwendea bibi yao wakidai hadithi. Nilikuwa jikoni. Niliposikia anakohoa kusafisha koo niliacha kisu, kwa kuwa nilikuwa sijamsikia akifanya hivyo tangu mwaka ule wa ghorofa ya tisa. Nilitaka kuku awike. Nilitaka msitu wa mwaka mzima na watu elfu.

Mama alinyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti. "Siku ya Jumanne," alisema, "mwezi wa nne, saa mbili asubuhi, Sungura alitoka nyumbani kwake. Alikuwa peke yake. Alielekea mtoni."

Watoto walicheka mpaka wakaegemeana, wakijua bibi anatania. Yeye hakucheka. Alikuwa akiwatazama kwa makini, akisubiri kama wataamini.

"Mama," nikasema kutoka mlangoni, "Sungura hana saa."

Akafikiri.

"Basi," akasema, "karibu saa mbili."